Sheria ya bahari na mzigo wa Lilongwe: kwa nini nchi isiyo na pwani inahitaji wasomi wake

Na Mwandishi Wetu, Lilongwe

Kontena linaloshushwa bandari ya Dar es Salaam kwa ajili ya mteja wa Lilongwe husafiri zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara kabla ya kufunguliwa. Linapita Morogoro, Iringa na Mbeya, linavuka mpaka wa Kasumulu na Songwe, kisha linashuka Karonga na Mzuzu hadi mji mkuu. Mwenye mali, awe na duka Old Town, Area 25 au ndani ya kambi ya Dzaleka wilayani Dowa, huhesabu nauli ya lori, ushuru, mizani na siku za foleni mpakani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba sehemu kubwa ya haki zao na madeni yao huwa imeshaamuliwa kabla lori halijapakia. Imeamuliwa katika karatasi iliyotolewa na kampuni ya meli, na katika mikataba ya bahari ambayo Malawi, nchi isiyo na hata mita moja ya pwani, nayo imejiunga.

Kwa sababu hiyo masomo ya juu ya sheria ya bahari si habari ya watu wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar peke yao. Makala hii inaeleza masomo hayo yanahusu nini, yanapatikana wapi, na mfanyabiashara au mwenye lori anapoteza nini pale nchi yake inapokosa watu waliosomea fani hiyo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Ipo sheria ya bahari baina ya mataifa: mipaka ya maji, uvuvi, madini yaliyo chini ya bahari, mazingira, na haki ya nchi zisizo na pwani kufika baharini. Halafu ipo sheria ya usafirishaji wa baharini: meli, shehena, bima, ajali na madeni. Wanaochukua shahada ya uzamili kwa kawaida hugusa yote mawili. Msomaji wa tovuti hii huumizwa na yote mawili pia, ingawa kwa njia tofauti.

Haki ya kupita ipo, masharti yake huandikwa mezani

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulitiwa saini Montego Bay, Jamaica, tarehe 10 Desemba 1982 na ukaanza kutumika tarehe 16 Novemba 1994. Sehemu yake ya kumi, vifungu vya 124 hadi 132, inazungumzia nchi zisizo na pwani. Zambia iliuridhia mwaka 1983, Tanzania 1985, Kongo ya Kinshasa 1989, Uganda 1990 na Msumbiji 1997. Malawi ilichelewa hadi tarehe 28 Septemba 2010.

Kifungu cha 125 kinasema nchi isiyo na pwani ina haki ya kufika baharini na kurudi, na uhuru wa kupitisha mizigo katika nchi jirani kwa vyombo vyote vya usafiri. Kifungu cha 127 kinakataza mizigo ya transiti kutozwa ushuru au kodi, isipokuwa malipo ya huduma iliyotolewa kweli. Kifungu cha 130 kinazitaka nchi za kupitia zichukue hatua kuzuia ucheleweshaji. Waandishi wa mkataba hawakusahau hata wapagazi na wanyama wa mizigo: pale mazingira yanapolazimu, nao wanahesabiwa kuwa vyombo vya usafiri. Babu zetu waliobeba pembe kutoka ziwani hadi pwani wangeshangaa kujikuta katika hati ya Umoja wa Mataifa.

Hadi hapo mambo ni mazuri. Lakini kifungu hicho hicho cha 125 kina aya mbili zaidi. Moja inasema masharti na taratibu za kupita zitakubaliwa baina ya nchi zinazohusika. Nyingine inaipa nchi ya kupitia haki ya kulinda maslahi yake halali. Maana yake ni kwamba haki ipo, lakini uzito wake unategemea makubaliano yaliyoandikwa chini yake: ya nchi mbili, ya kanda, ya ukanda wa barabara au reli. Makubaliano hayo huandaliwa katika ofisi za Capital Hill hapa City Centre na katika ofisi kama hizo Dodoma na Maputo. Upande wenye mwanasheria anayejua kila koma ndio unaoondoka mezani na kilicho bora.

Aidha, haki ya kupita si haki ya kuuza. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingizwa kwa baadhi ya bidhaa za chakula, zikiwemo unga wa mahindi, mchele, tangawizi na ndizi. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kisha ikaondoa zuio hilo baada ya mazungumzo. Katika siku zile maswali yalikuwa mengi na majibu machache, kwa sababu watu walichanganya ndizi iendayo soko la Lilongwe na kontena la transiti liendalo bandarini. Ndizi ni suala la mikataba ya biashara. Kontena ni suala la haki ya kupita, na nchi inayolizuia inapaswa kutoa maelezo ya aina nyingine kabisa. Dereva aliyekwama hahitaji kujua vifungu, lakini anahitaji mtu serikalini anayevijua siku hiyo hiyo, si baada ya mwezi.

Somo la Nsanje

Hakuna mfano ulio wazi kuliko wa bandari ya Nsanje, kusini kabisa mwa Malawi. Wazo lilikuwa zuri kiuchumi: kutumia mito ya Shire na Zambezi, umbali wa kilomita 238 hivi hadi Chinde kwenye Bahari ya Hindi, badala ya kutegemea malori peke yake. Malawi, Msumbiji na Zambia zilitia saini hati ya maelewano mwaka 2007. Oktoba 2010 Rais Bingu wa Mutharika akaizindua bandari mbele ya marais wenzake wa Zambia na Zimbabwe. Tishari la majaribio lililotarajiwa kupanda mto likiwa na mbolea halikufika, kwani lilizuiwa upande wa Msumbiji. Maputo ilisema uchunguzi wa kina wa mradi na wa mazingira ulikuwa haujakamilika, na kwamba ruhusa ya safari ile haikutolewa.

Angalia tarehe. Malawi ilikuwa na chini ya mwezi mmoja tangu iridhie Mkataba wa Sheria ya Bahari. Haki ya kwenye karatasi ilikuwa nayo. Kilichokosekana ni makubaliano kamili ya jinsi ya kuitumia, kwa sababu hati ya maelewano si mkataba wa kupitisha vyombo. Kwa maoni yangu fedha za gati zilitumika kabla ya fedha za wanasheria, na za wanasheria zingekuwa kidogo mno ukilinganisha.

Wazee wa usafirishaji wanakumbuka hasara kubwa zaidi ya hiyo. Katika miaka ya 1980 vita vya Msumbiji vilifunga reli za Beira na Nacala, na mizigo ya Malawi ikalazimika kuzunguka hadi Durban. Hapo hakuna kifungu ambacho kingezuia risasi. Lakini ndicho kipindi Malawi ilipoutazama upande wa kaskazini kwa macho mapya, na vituo vya mizigo vya Malawi vilivyoko Dar es Salaam na Mbeya ni matunda ya makubaliano yaliyozaliwa katika dhiki ile.

Karatasi ya meli na siku 15

Sasa tuje kwenye mfuko wa mfanyabiashara mwenyewe. Malawi ilijiunga na Kanuni za Hamburg, yaani mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1978 kuhusu usafirishaji wa mizigo kwa njia ya bahari, mwaka 1991. Zambia ilijiunga mwaka huo huo. Tanzania na Uganda zilikuwamo tangu 1979, Kenya tangu 1989, na Burundi ikafuata 1998. Kanuni hizi zilianza kutumika Novemba 1992 na ziliandikwa kwa kuwajali wenye mali kuliko zile za zamani.

Ukomo wa fidia ndio wa kwanza. Kampuni ya meli ikipoteza au kuharibu mzigo, italipa hadi SDR 835 kwa kila furushi au SDR 2.5 kwa kila kilo ya mzigo ulioharibika, chochote kilicho kikubwa. SDR ni kipimo cha thamani cha IMF, na moja huzidi dola ya Marekani kidogo. Sasa chukua kontena la vifaa vya simu lenye maboksi 400 na uzito wa kilo 4,000. Kama hati ya shehena, ile tunayoiita B/L, imeandika maboksi 400, ukomo ni SDR 334,000. Kama imeandika "kontena moja" basi, kontena zima linahesabika kama furushi moja na ukomo unashuka hadi SDR 10,000, yaani kwa hesabu ya kilo. Hulipwi zaidi ya hasara uliyopata kweli, lakini tofauti ya mstari mmoja wa maandishi ndiyo hiyo. Wakala wako Guangzhou au Dubai ndiye anayeujaza mstari ule, na mara nyingi hakuna aliyemwambia.

La pili ni muda, na hapa ndipo nchi isiyo na pwani inapoumia. Uharibifu unaoonekana kwa macho unatakiwa uripotiwe kwa maandishi kabla siku ya kazi inayofuata makabidhiano haijaisha. Usioonekana, ndani ya siku 15. Ucheleweshaji, ndani ya siku 60, la sivyo fidia yake imepotea. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa mzigo unapokabidhiwa kwako au kwa wakala wako bandarini, hazisubiri kontena lifunguliwe Lilongwe. Ukitoa siku za kutafuta lori, za barabarani na za mpakani, wengi hufungua kontena siku 15 zikiwa zimepita. Ukichelewa kuripoti uharibifu haki yako haijafa, ila mzigo wa kuthibitisha unakuelemea wewe. Kwa hiyo wakala wa forodha akague lakiri na hali ya kontena pale pale Dar es Salaam na aandike anachokiona.

Kesi yenyewe ina ukomo wa miaka 2 kwa Kanuni za Hamburg. Hata hivyo kampuni nyingi za meli huandika nyuma ya B/L, kwa herufi ndogo, kwamba sheria ya nchi nyingine itatumika, na katika mfumo wa zamani wa Hague ukomo ni mwaka 1. Mwenye busara ahesabu mwaka 1.

Tena kuna jambo linalosahaulika kabisa. Msumbiji haimo katika Kanuni za Hamburg. Mzigo ule ule, kutoka kiwandani kule kule, ukishushwa Dar es Salaam unaweza kuangukia sheria moja na ukishushwa Beira au Nacala ukaangukia nyingine. Tunapolinganisha njia hizi huwa tunalinganisha nauli na siku tu. Sisi tuliosoma uchumi tulifundishwa kuyaita mambo haya gharama za miamala. Mwenye lori huyaita usumbufu, na nadhani neno lake ni bora.

Dimareji: kesi ya makontena 35

Kinachowaliza watu zaidi ni dimareji. Kwa mazungumzo ya kawaida neno hili linabeba tozo mbili: ya kontena kukaa bandarini likiwa na mzigo kupita siku za bure, na ya kuchelewa kulirudisha likiwa tupu. Kwa mteja wa Malawi hiyo ya pili ni kali, maana kontena tupu lina safari nyingine ya kilomita 1,500 kurudi, na dhamana yake imeshikiliwa hadi lifike.

Je, tozo hiyo inaweza kuendelea bila mwisho? Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi kati ya kampuni ya meli ya MSC na kampuni ya Cottonex. Makontena 35 ya pamba yalikwama Chittagong, Bangladesh, baada ya mnunuzi kuyakataa. Bili ikapanda hadi kuzidi dola milioni 1 za Marekani, mara kadhaa ya bei ya makontena yenyewe. Mahakama ikasema tozo haiwezi kuhesabiwa milele: ilikoma siku kampuni ya meli ilipojitolea kumuuzia mteja makontena hayo, kwani kufikia hapo mkataba ulikuwa umekwisha kupoteza maana yake. Uamuzi huo haufungi mahakama za Dar es Salaam wala Blantyre, ila B/L nyingi zinachagua sheria ya Kiingereza, hivyo unakuhusu kuliko unavyodhani. Mwanasheria wa kawaida wa mashamba na talaka hawezi kulaumiwa kwa kutoujua. Ni kazi ya mtu aliyesomea.

Wapi wanasoma

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Bahari, IMO, ambalo Malawi ni mwanachama wake, lina vyuo viwili vya juu. Chuo Kikuu cha Dunia cha Masuala ya Bahari kiko Malmö, Sweden, tangu 1983. Taasisi ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, IMLI, iko Malta tangu 1988. IMLI inapokea wanasheria kwa shahada ya uzamili ya sheria, na ina shahada nyingine kwa wasio wanasheria. Nusu ya nafasi zake zimetengwa kwa wanawake. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mbali na tasnifu, mwanafunzi wa sheria hutakiwa kuandaa rasimu ya sheria ambayo nchi yake inaweza kuitumia.

Kwa walio karibu, Chuo Kikuu cha Cape Town na kile cha KwaZulu-Natal, Durban, vinafundisha sheria ya usafirishaji wa baharini kwa kiwango cha uzamili. Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam, DMI, na kile cha Monkey Bay hapa Malawi ni zaidi vya mabaharia na kazi za vyombo, na vina umuhimu wake. Umoja wa Mataifa nao una ufadhili wa utafiti uliopewa jina la Amerasinghe, balozi wa Sri Lanka aliyeongoza mkutano wa sheria ya bahari, na mwingine wa pamoja na Nippon Foundation tangu 2004. Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Hamburg, ina mafunzo yake pia. Tanzania imewahi kutoa majaji wawili katika mahakama hiyo: Joseph Sinde Warioba, 1996 hadi 1999, na James Kateka, 2005 hadi 2023.

Atakayeuliza kama msomi mmoja anaweza kuleta tofauti, akumbuke ukanda wa kiuchumi wa maili 200 ambao leo nchi nyingi za pwani zinaudai. Mapema miaka ya 1970 wazo hilo lilipelekwa mezani na Kenya, na aliyelijengea hoja ni mwanasheria wake, Frank Njenga.

Dzaleka na nafasi isiyo na mpendekezaji

Hapa pana tatizo ambalo halisemwi. Kambi ya Dzaleka, kilomita 50 hivi kutoka City Centre, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa. Ina watu zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Wapo wanaozifahamu njia za Uvira, Kigoma, Tunduma na Kasumulu kwa miguu yao. Wapo waliokuwa na maduka mijini hadi mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi warudi kambini, na mitaji mingi ikapotea. Elimu ya juu kwa mtandao ipo kambini tangu 2010 kupitia Wajesuiti, kwa hiyo si kweli kwamba vijana wenye uwezo hawapo.

Lakini nafasi za ufadhili katika vyuo vya IMO mara nyingi hupitia kwa serikali inayompendekeza mtu wake. Mkimbizi hana wizara ya kumpendekeza. Malawi iliweka akiba katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kuhusu mambo kama ajira, elimu na uhuru wa kutembea, na hati ya kusafiria ni safari ndefu nyingine. Njia iliyobaki ni ile ya vyuo vinavyopokea maombi ya mtu binafsi na masomo kwa mtandao. Nyembamba, ila ipo.

Kwa mwanafunzi yeyote wa Lilongwe au Zomba anayetafuta mada, kazi imejaa. Kifungu cha 211 cha Katiba ya Malawi kinatofautisha mikataba iliyofungwa kabla ya Katiba hiyo ya mwaka 1994 na ya baadaye, ambayo huhitaji sheria ya Bunge ili iwe sehemu ya sheria za nchi. Kanuni za Hamburg ni za 1991, Mkataba wa Bahari ni wa 2010. Tofauti hiyo ina maana gani kwa mwenye kontena aliyeko mbele ya hakimu? Na ni tozo zipi katika ukanda wa Dar es Salaam ambazo ni malipo ya huduma, na zipi ni kodi iliyovaa kanzu ya huduma, kinyume cha kifungu cha 127?

Majibu hayapo maktaba. Yapo kwenye mafaili ya wafanyabiashara, na wengi wetu huyatupa mzigo ukishafika. Tunza B/L pande zote mbili, ule wa nyuma wenye herufi ndogo ukiwemo. Tunza stakabadhi za kila tozo ya bandarini na ya mpakani. Andika tarehe kontena lilipotoka getini na tarehe lilipopokelewa tupu, na umwombe wakala akupe nakala yenye mhuri.